Kambale, Paluku, Masika: majina machache yanayobeba umati wa Butembo na Beni

Simama kwenye kituo chochote cha pikipiki mjini Butembo, uite kwa sauti: "Kambale!" Hatageuka mtu mmoja. Watageuka watano, pengine kumi, na hakuna atakayeona ajabu. Swali litakalofuata ni lile ambalo watu wa huko wamelizoea tangu utotoni: Kambale yupi? Wa nani?

Hali ni hiyo hiyo Beni, Oicha, Lubero, Musienene na Kyondo, popote katika Kivu Kaskazini wanakoishi Wanande, ambao wengi wao hupenda kujiita Wayira. Ukipitia daftari la darasa, orodha ya wapiga kura au kitabu cha wagonjwa hospitalini, majina yale yale yanarudi ukurasa kwa ukurasa. Kwa wanaume ni Paluku, Mumbere, Nzanzu, Kambale, Kasereka, Kakule, Katembo, Mbusa na Muhindo. Kwa wanawake ni Masika, Kavira, Kavugho, Kahambu, Katungu, Kyakimwa na Kahindo. Mgeni anayesoma orodha hiyo anaweza kudhani amekutana na ukoo mmoja mkubwa uliozaa mji mzima.

Kumbe si ukoo hata kidogo. Ni hesabu.

Jina linalomsubiri mtoto

Katika jamii nyingi za Afrika ya Mashariki wazazi hukaa, wakashauriana, wakampa mtoto jina la babu, la msimu au la tukio. Kwa Wanande sehemu ya kwanza ya kazi hiyo imekwisha kufanywa kabla mtoto hajazaliwa. Nafasi yake katika mpangilio wa uzazi ndiyo inayomtaja. Mvulana wa kwanza ni Paluku au Mumbere, na wengine huitwa Nzanzu. Wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa. Msichana wa kwanza ni Masika, anafuata Kavira, kisha Kavugho, Kahambu, Katungu na Kyakimwa.

Kuna pia majina ya hali maalumu. Mtoto anayekuja kubadilisha mkondo, yaani wa kiume aliyetanguliwa na wasichana au wa kike aliyetanguliwa na wavulana, ana jina lake: Muhindo kwa mvulana, Kahindo kwa msichana. Jina hilo limebeba maana ya mabadiliko. Mapacha nao wana majina yao, na hata mtoto anayezaliwa baada ya mapacha ana lake. Msomaji wa Tanzania atakumbuka hapo Kulwa, Doto na Shija wa Wasukuma. Tofauti ni kwamba Wasukuma wanafanya hivyo kwa mapacha na anayewafuata, ilhali Wanande wamewapanga watoto wote.

Mtu wa pwani akisikia majina haya anaweza kucheka kidogo. Kambale kwa Kiswahili ni samaki wa matopeni, na Katembo linasikika kama tembo mdogo. Ni kufanana kwa sauti tu. Kwa Kinande hakuna samaki wala tembo ndani ya majina hayo. Kuna wa pili na wa tano.

Uzuri wa mfumo huu nyumbani ni kwamba jina linatoa habari. Ukiambiwa kwamba Kasereka amemtuma Kavira amwite Paluku, umejua papo hapo nani mkubwa na nani mdogo, nani wa kike na nani wa kiume, na pengine nani atasemezwa kwanza kikao cha urithi kitakapoitishwa. Kijijini, ambako kila mtu anajua boma la mwenzake, hayo yanatosha. Na yasipotosha, lipo jina la pili.

Jina la pili ndilo linalomtenga mtu na wenzake. Huweza kuwa la babu, la mhenga au la jambo lililotokea wakati wa kuzaliwa. Chukua majina ya watu wanaojulikana katika siasa za jimbo hilo. Julien Paluku Kahongya aliongoza Kivu Kaskazini kama gavana kuanzia mwaka 2007 hadi 2019, akafuatiwa na Carly Nzanzu Kasivita. Paluku na Nzanzu ni majina ya nafasi. Kahongya na Kasivita ndiyo yanayomtofautisha mtu. Antipas Mbusa Nyamwisi, aliyeongoza kundi la RCD-K/ML lililokuwa na ngome yake Beni wakati wa vita vya Kongo na baadaye akawa waziri, anajulikana nchini kote kwa jina la Mbusa tu, kana kwamba Kongo nzima haina Mbusa mwingine. Kaka yake aliyekuwa mwanasiasa na kuuawa Butembo mwaka 1993 aliitwa Enoch Nyamwisi Muvingi. Kinachowaunganisha ndugu hao wawili kwenye karatasi ni Nyamwisi.

Wala usidhani kuna sheria kwamba jina la nafasi lazima litangulie. Askofu Melchisédech Sikuli Paluku, aliyeteuliwa mwaka 1998 kuongoza jimbo katoliki la Butembo-Beni, anaandikwa hivyo, Paluku ikiwa mwishoni. Kwa mwenyeji hilo si tatizo. Kwa kompyuta inayopanga majina kwa alfabeti, Sikuli Paluku na Paluku Sikuli ni watu wawili.

Wang milioni 100

Butembo ni mji wa wafanyabiashara. Tangu miongo kadhaa iliyopita wachuuzi wake wamekuwa wakisafiri hadi Dubai, kisha hadi Guangzhou kusini mwa China, kuleta vitambaa, pikipiki, vipuri na simu. Huko China wanakutana na watu wenye shida inayofanana na yao, tena kwa ukubwa wa kutisha. Jina la ukoo la Wang lina watu zaidi ya milioni 100. Li na Zhang wanalifuata kwa karibu. Ukijumlisha Wang, Li, Zhang, Liu na Chen, umefikia takriban asilimia 30 ya Wachina wote.

Lakini namna wanavyofanana inatofautiana kabisa. Wang analipata jina lake kwa baba na kumwachia mwanawe. Ndugu wote wa tumbo moja ni akina Wang, na jina linalomtenga mtu na mwenzake linakuja baadaye. Kwa Wanande ni kinyume: ndugu wa tumbo moja hawawezi kuwa na jina moja la nafasi, na mtu anayeitwa sawa na wewe ni jirani, mpinzani wako wa biashara au mtu usiyemjua wa kata nyingine. Kambale na Kambale hawana undugu. Kambale na Kavira huenda ndio ndugu.

Hata hivyo Wachina nao waliwahi kuhesabu watoto kwa majina. Zamani mtoto wa kiume aliweza kuitwa kwa neno la nafasi yake: Bo au Meng kwa wa kwanza, Zhong kwa wa pili, Shu kwa anayefuata, Ji kwa wa mwisho. Kongfuzi, mwanafalsafa ambaye ulimwengu wa Magharibi unamwita Confucius, alikuwa na jina la heshima la Zhongni, na hiyo "Zhong" inasema kwamba alikuwa mtoto wa kiume wa pili. Kaka yake anatajwa katika mapokeo kama Mengpi. Kwa lugha ya Butembo, mmoja alikuwa Kambale na mwingine Paluku.

Kilichotokea baadaye kinastahili kuangaliwa. Katika dola ya Lu, kwenye mkoa unaoitwa leo Shandong, wana wa mtawala Huan, aliyefariki mwaka 694 kabla ya Kristo, walianzisha nyumba tatu zenye nguvu zilizojulikana kwa maneno hayo ya nafasi: Mengsun, Shusun na Jisun. Wajukuu waliendelea kuitwa hivyo ingawa wao wenyewe hawakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Neno la hesabu likageuka jina la ukoo. Mwanafalsafa Mengzi wa karne ya 4 kabla ya Kristo alikuwa wa ukoo wa Meng, na leo Meng ni jina la mamilioni ya watu. Wakongo wengi wanaotumia simu za Huawei wamewahi kulisikia bila kujua asili yake: Meng Wanzhou, ofisa wa fedha wa kampuni hiyo aliyekamatwa Vancouver Desemba 2018. Ni binti wa mwanzilishi wa Huawei, Ren Zhengfei, lakini jina la ukoo analotumia ni la mama yake. Hakuna anayemuuliza kama ni mzaliwa wa kwanza.

Mobutu na fomu yenye visanduku vitatu

Kambale na wenzake wasingefika mbele ya karatasi za serikali kwa nguvu kama hii bila Mobutu. Wakati wa Wabelgiji, shule za misheni na vitabu vya ubatizo viliweka mbele jina la mtakatifu. Mwaka 1972, miezi michache baada ya nchi kubadilishwa jina kuwa Zaire, Joseph-Désiré Mobutu akajiita Mobutu Sese Seko na kuamuru raia waache majina ya Kikristo. Kanisa katoliki, likiongozwa na Kardinali Joseph Malula wa Kinshasa, lilipinga, na mgogoro ukawa mkali. Wanande hawakuwa na kazi ya kutafuta jina la asili. Walikuwa nalo tangu kuzaliwa, na hapo likawa la kwanza kwenye kila karatasi.

Kutokana na kipindi hicho Wakongo wamebaki na fomu yenye visanduku vitatu ambayo inawachanganya hata maofisa: jina, jina la nyuma na jina la ubatizo, kwa Kifaransa nom, postnom na prénom. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa Julai 2016, inataka majina yatokane na utamaduni wa Kongo. Baada ya siasa ya vyama vingi kurudi mwaka 1990, majina ya ubatizo yalirejea waziwazi. Lakini kisanduku cha kwanza kilibaki na Paluku, Kambale au Masika, na dunia nzima inakisoma kisanduku hicho kama jina la ukoo. Hapo ndipo kosa linapoanza.

Familia ya Beni inayokimbia vita, ikapita Uganda na miaka baadaye ikapelekwa Marekani, Canada au Norway, inafika uwanja wa ndege ikiwa na watoto watano wa baba na mama mmoja wenye "majina ya ukoo" matano tofauti: Nzanzu, Kavira, Kasereka, Kahambu, Katembo. Kwa ofisa aliyezoea ndugu kuwa na jina moja, hizo zinaonekana kama familia tano. Itabidi mtu amweleze taratibu, tena kwa mkalimani, kwamba tofauti hizo hasa ndizo zinazoonyesha kuwa watoto wametoka nyumba moja.

Pale jina linapokuwa suala la uhai

Mjini mtu anaweza kuyachukulia haya kama kichekesho, mpaka siku ambayo orodha inahusu uhai.

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza mlipuko wa Ebola katika eneo la Beni, kuanzia Mangina. Ugonjwa ukaenea hadi Butembo na Katwa, na ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ulikuwa umeambukiza watu 3,470 na kuua 2,287. Silaha kubwa dhidi ya Ebola, pamoja na chanjo, ni orodha. Kila aliyemgusa mgonjwa anaandikwa, kisha anatembelewa kila siku kwa siku 21. Sasa fikiria kazi hiyo katika mji ambao "Kavira, mwanamke, Katwa" inaweza kuwa mtu yeyote kati ya maelfu. Anayebisha hodi asubuhi anahitaji jina la pili, umri, jina la mwenye nyumba, mtaa, kanisa lililo jirani na namba ya simu. Na hayo yote alitakiwa kuyauliza kwa watu waliojaa hofu, wakati uvumi ulienea kwamba ugonjwa ni biashara na vituo vya matibabu vikishambuliwa kwa silaha. Aprili 2019 daktari wa Shirika la Afya Duniani, Richard Mouzoko, aliuawa akiwa kazini Butembo. Katika hali kama hiyo, aliyetaka kujificha hakuwa na haja ya kudanganya. Alitaja jina lake la kweli na kupotea ndani yake.

Halafu kuna orodha za wafu. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia katika eneo la Beni, mengi yakihusishwa na waasi wa ADF, hayajakoma, licha ya utawala wa kijeshi uliowekwa Kivu Kaskazini na Ituri tangu Mei 2021. Baada ya shambulio, mashirika ya kiraia hukusanya majina. Aliye mbali, labda Goma au Kampala, akisikia kwamba kati ya waliouawa yumo Kasereka na Masika, bado hajajua lolote. Anao akina Kasereka wanne na shangazi Masika mmoja. Anapiga simu usiku kucha, kwa sababu jina alilolisikia ni la karibu kila nyumba.

Mpaka wa Uganda hauzuii hilo. Tarehe 16 Juni 2023 washambuliaji waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha mjini Mpondwe, mkabala na Kasindi, wakaua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi. Baadhi waliungua kiasi kwamba ilibidi kutumia vipimo vya vinasaba kuwatambua. Wazazi waliokuwa wakisubiri wanaishi upande wa pili wa mpaka ambao wakoloni walichora juu ya watu wamoja: huku wakaitwa Wanande, kule Wakonzo.

Upande huo wa Uganda majina ni yale yale kwa matamshi mengine. Kambale ni Bwambale, Kasereka ni Masereka, Kakule ni Kule, Katembo ni Thembo, Kavira ni Biira kama yule mtangazaji Joy Doreen Biira. Paluku ni Baluku. Masika na Muhindo hawakubadilika hata herufi. Na mzaliwa wa kwanza mashuhuri kuliko wote ni mfalme: Charles Wesley Mumbere, Omusinga wa Rwenzururu, ambaye ufalme wake ulitambuliwa na serikali ya Uganda mwaka 2009.

Kujulikana namna hii kuna upande mwingine. Jina la nafasi halisemi wewe ni nani, lakini linasema wazi umetoka wapi. Ukijitambulisha kama Kambale mjini Bunia, Goma au Kisangani, hakuna atakayeuliza kabila lako. Dukani linaweza kukufungulia mkopo kwa Mnande mwenzako usiyewahi kumwona. Kwenye kizuizi cha barabarani, katika jimbo ambako makundi yenye silaha yamewahi kuwachagua watu kwa makabila, jina hilo hilo linaweza kukuweka upande ambao hukuuchagua.

Kambale anapokuwa ukoo

Kongo haijafanya sensa tangu mwaka 1984, na watu wengi hutumia kadi ya mpiga kura kama kitambulisho. Kwa hiyo hakuna anayeweza kutaja idadi ya akina Kambale. Kinachoonekana ni jinsi watu wanavyojipanga wenyewe. Wanajazia jina la ubatizo, la nyuma na la utani. Wanaongeza cheo, duka, kazi au mtaa: Kambale wa saruji, Kambale wa karakana, mama Masika wa sokoni. Anayetuma pesa kwa simu akiona jina la mpokeaji ni "Kambale Kasereka" bado hupiga kwanza kuuliza, kwa sababu jina hilo lingeweza kumthibitisha mtu yeyote.

Njia nzuri zaidi ingekuwa cheti cha kuzaliwa chenye majina yote matatu, tarehe na wazazi. Sheria inampa mzazi siku 90 za kuandikisha mtoto. Kwa mama aliyejifungua kambini au aliyekimbia kutoka shamba hadi shamba kati ya Beni na Mangina, siku hizo zinapita kabla hajaiona ofisi ya hali ya kiraia. Mtoto anabaki Muhindo wa watu wanaomjua.

Wakati huo huo mfumo wenyewe unasogea. Katika familia za mjini zenye watoto watatu au wanne, Mbusa na Kyakimwa hawafikiwi. Wazazi wengine wanampa mtoto majina yote ya baba, ili asome na kusafiri bila maswali. Na kwa waliozaliwa nje mambo yamekwenda mbali zaidi. Msajili wa hospitali ya Ulaya au Amerika haulizi nafasi ya uzazi. Anachukua kisanduku cha kwanza cha baba. Hivyo Kambale aliyefika huko anazaa binti, na binti anaandikwa Kambale, jina la mvulana wa pili, ingawa ni msichana tena wa kwanza. Nyumbani angekuwa Masika. Baadhi ya familia humpa majina yote mawili, Masika likiwa jina lake na Kambale la ukoo, na bibi aliyeko Butembo, akipigiwa simu, humwita kwa lile la kwanza.